Poland, Vietnam au ruksa yetu: nchi ikiacha uchumi wa mpango ishike njia ipi?

Barazani kwetu Ngamiani, mjini Tanga, mjadala huu hauishi. Kahawa inamiminwa, mtu anataja bei ya mchele, mwingine anakumbusha kiwanda cha mbolea kilichozimwa 1991, na papo hapo watu wanagawanyika mafungu matatu. Wa kwanza wanasema kilichotuponza ni kusitasita: tungekata kamba mara moja kama Poland. Wa pili wanasema tuliachia ovyo: tungekwenda hatua kwa hatua kama Vietnam, ambao miaka ya themanini walikuwa hoi kama sisi. Wa tatu, na humo wamo wazee waliopanga foleni ya sabuni kwa miguu yao, wanasema acheni kuisema vibaya ruksa, yaani kule kufunguliwa kwa biashara enzi za Rais Mwinyi; nyinyi mwaka 1983 hamkuwapo.

Mimi ni mwalimu wa historia, na kila mwaka vijana wa kidato cha sita huniuliza swali hili kwa ajili ya mtihani. Lakini aliyenifanya nikae chini niandike ni mjumbe wa ushirika wa wakulima wa mkonge kutoka Korogwe. Alinishika mkono nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa. "Mwalimu, sisi tuna ardhi iliyokuwa shamba la umma, na korona, ile mashine ya kusindika mkonge, inayokula vipuri kila mwezi. Wenzangu wengine wanataka aitwe mwekezaji apewe yote. Wengine wanataka kila mtu achukue kipande chake. Wengine wanataka serikali irudi ishike. Nchi za wenzetu walifanyaje?"

Swali lake ni la nchi nzima, limeshuka hadi kijijini. Nimezipanga njia tatu sambamba, kwa vichwa vile vile, kila msomaji apime kwa mizani ya hali yake.

Tunapima kwa nini

Uchumi wa mpango ni ule ambao serikali inaamua kizalishwe nini, kiasi gani, kiuzwe bei gani na nani akiuze. Kwetu Tanga ilikuwa hivi: sukari inaletwa na RTC, kampuni ya umma ya biashara ya mkoa, inagawiwa kwenye duka la ushirika kwa hesabu ya kaya, unga uko chini ya Shirika la Usagishaji la Taifa, na mkonge wote wa mashamba ya umma unauzwa na Mamlaka ya Mkonge. Mfumo kama huo ukianza kufunguliwa, mambo manne hutikisika, na ndiyo vigezo vyangu.

Kwanza bei: ziliachiwaje, na jikoni palikuwaje miaka ya mwanzo? Pili ardhi: mkulima alipata nini mkononi, cha maandishi au cha maneno? Tatu viwanda na mashirika: viliuzwa, vilifungwa au vilibaki, na nani alivishika? Nne walioachwa nyuma: aliyepoteza kazi au shamba alishikwa mkono na nani?

Kwa kila kigezo nimejilazimisha kuuliza jambo moja zaidi, na naona lina uzito kuliko yote: serikali ilipoachia kitu, siku ya pili nani alikuwa amekishika?

Tukumbuke pia kwamba hawa watatu hawakuanzia mahali pamoja. Poland ya 1989 ilikuwa nchi ya viwanda, watu wengi wakiishi mijini. Vietnam na Tanzania zilikuwa nchi za wakulima, na zote mbili zilikuwa zimetoka vitani: Vietnam baada ya miongo ya mapigano, sisi baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979.

Njia ya Poland: kufungua bei kwa siku moja

*Bei.* Tarehe 1 Januari 1990 serikali ya Tadeusz Mazowiecki ilianza mpango unaojulikana kwa jina la waziri wake wa fedha, Leszek Balcerowicz. Bei nyingi zikaachwa huru, ruzuku zikakatwa, zloty ikaanza kubadilishwa kwa thamani iliyotangazwa wazi, na shirika la umma lililopandisha mishahara kupita kiwango likatozwa kodi ya adhabu. Januari hiyo peke yake bei zilipanda karibu asilimia 80. Uchumi ulinywea kwa zaidi ya asilimia 11 mwaka 1990, na kwa asilimia 7 mwaka uliofuata.

Lakini rafu za maduka zilijaa. Barabara za Warsaw ziligeuka soko: watu walitandika bidhaa juu ya vitanda vya kukunja, wakauza nyama, sabuni na nguo kutoka nje. Walikuwapo tayari watu wa kufanya hivyo kwa sababu Desemba 1988, serikali ya kikomunisti ikiwa bado madarakani, sheria ya waziri Mieczysław Wilczek ilikuwa imeruhusu raia yeyote kufungua biashara. Mlango mdogo ulifunguliwa kabla ya lango kubwa. Mwaka 1992 ukuaji ukarudi, na kufikia 1996 uchumi ulikuwa umevuka pale ulipokuwa 1989.

*Ardhi.* Hapa Poland ilikuwa na bahati: takriban robo tatu ya ardhi ya kilimo haikuwahi kuondoka mikononi mwa wakulima wadogo. Kidonda kilikuwa kwenye ile robo iliyobaki, nami nitakirudia.

*Viwanda.* Wengi barazani hudhani Poland iliuza viwanda vyote kwa siku moja. Haikuwa hivyo. Maduka madogo ndiyo yalibadili mikono upesi, mara nyingi yakienda kwa waliokuwa wakiyaendesha. Viwanda vikubwa vilikatiwa ruzuku kwanza, mameneja wakaambiwa watafute wateja, na mpango wa kugawa hisa kwa wananchi wote ulifika 1995 tu, kampuni 512 zikiwekwa chini ya mifuko 15 ya uwekezaji. Soko la hisa lilifunguliwa Aprili 1991 na kampuni tano, ndani ya jengo lililokuwa makao makuu ya Chama cha kikomunisti. Uwanja wa kujenga meli wa Gdańsk, kilikozaliwa Solidarity, chama cha wafanyakazi kilichopambana na wakomunisti, ulifilisika 1996. Waliopigania mageuzi ndio waliopoteza kazi zao, na sijui namna ya kulieleza hilo darasani bila sauti kushuka.

*Walioachwa.* Ukosefu wa ajira ulitoka karibu sifuri hadi asilimia 16 kufikia 1993. Serikali haikukaa kimya: ilianzisha posho ya wasio na kazi, ambayo watu waliiita *kuroniówka* kwa jina la waziri wa kazi Jacek Kuroń, na wengi wakastaafishwa mapema kwa pensheni. Waliodondoka kabisa ni wafanyakazi wa mashamba ya serikali, yaliyovunjwa kwa sheria ya 1991. Mashamba yale yalikuwa na nyumba za kota, shule ya chekechea na basi la kuwapeleka watoto mjini. Shamba lilipokufa, kota zilibaki porini na watu ndani yake, bila kazi na bila basi.

Mtu wa Tanga akisoma hayo hahitaji kuelezwa. Nenda kwenye kambi yoyote ya zamani ya mkonge kati ya Muheza na Korogwe utaona safu zile zile: nyumba za mstari, bomba kavu, na wajukuu wa manamba, vibarua wa mkataba waliotoka mbali, wasio na shamba la kurudi.

Wapiga kura walitoa hukumu yao. Mazowiecki aliangushwa katika uchaguzi wa rais mwishoni mwa 1990, na 1993 wakomunisti wa zamani walirudi serikalini kwa kura. Hawakuurudisha mpango wa zamani. Ikumbukwe pia kwamba wakopeshaji waliipunguzia Poland nusu ya deni la kiserikali mwaka 1991, na Ulaya iliyokuwa ikiisubiri ikaipokea kwenye Umoja wake 2004. Baada ya hapo vijana wengi walikwenda Uingereza na Ireland kutafuta kazi.

*Inamfaa nani.* Nchi ambayo bei zimeshachanganyikiwa kiasi cha kutotengemaa kwa vipande, ambayo watu wake wana elimu ya viwanda, wananchi wameshaikubali serikali mpya kwa moyo, na yuko jirani tajiri anayefungua mlango. Ikikosekana hiyo ya mwisho, maumivu ni yale yale na faraja ni ndogo.

Njia ya Vietnam: kuanzia shambani

*Ardhi.* Naanza na ardhi kwa sababu wao walianza nayo, na walioanza hasa ni wakulima wenyewe. Mwaka 1966 katibu wa Chama wa mkoa wa Vĩnh Phúc, Kim Ngọc, aliruhusu mashamba ya ushirika yagawiwe kaya zilime zenyewe. Wakuu walimkaripia na mpango ukasimamishwa, lakini mikataba ya siri iliendelea vichochoroni. Wavietnam wana neno lake, kuvunja ua, yaani uzio. Mwaka 1981 Chama kiliruhusu kaya ipewe kipande na ibaki na mavuno yanayozidi kiwango. Desemba 1986 Mkutano Mkuu wa Sita ukatangaza *Đổi Mới*, yaani kufanya upya. Aprili 1988, mwaka ambao mamilioni ya watu wa kaskazini walikuwa na njaa, Azimio namba 10 likaifanya kaya kuwa ndiyo mkulima, na ushirika ukabaki wa kutoa huduma tu.

Mwaka 1989 nchi iliyokuwa ikiagiza mchele iliuza nje zaidi ya tani milioni moja.

Kisha ikaja Sheria ya Ardhi ya 1993. Ardhi ilibaki mali ya wananchi wote chini ya serikali, kama kwetu, ila mkulima alipewa hati ya miaka 20 kwa shamba la mpunga, na ndani yake haki za kurithisha, kukodisha, kubadilishana, kuhamisha na kuweka rehani. Hati hiyo iliandikwa kwa mamilioni ya kaya. Msomaji akiniuliza jambo gani moja la Vietnam ningelichukua nilete Tanga kesho asubuhi, ni hilo.

*Bei.* Si kweli kwamba Vietnam ilikwenda polepole kwenye kila kitu. Walijaribu kurekebisha bei, mishahara na sarafu 1985 wakaharibu, na 1986 mfumuko wa bei ulipita asilimia 700. Mwaka 1989 wakafanya karibu yale yale ya Poland: bei nyingi zikaachwa huru, sarafu ikapewa thamani moja ya kweli, riba za benki zikapandishwa juu ya mfumuko. Tofauti ni kwamba siku hiyo ilipofika, mkulima alikuwa tayari na shamba lake, kwa hiyo bei ilipopanda, ilipanda ikiingia mfukoni mwake.

*Viwanda.* Mashirika ya umma yaliyokuwa takriban 12,000 yalipunguzwa hadi karibu nusu katika miaka ya mwanzo ya tisini, kwa kuunganishwa au kufungwa, huku makubwa yakibaki mikononi mwa serikali. Wawekezaji wa nje walikaribishwa kujenga vipya kando yake, na Sheria ya Kampuni iliyoanza kazi 2000 ikamfungulia mjasiriamali wa ndani. Gharama yake ilionekana baadaye. Shirika la umma la kujenga meli, Vinashin, lilikopa bila kuulizwa hadi 2010 likashindwa kulipa awamu ya kwanza ya mkopo wa dola milioni 600. Poland uwanja wa meli ulikufa kwa kunyimwa fedha; Vietnam ulikaribia kufa kwa kupewa nyingi mno.

*Walioachwa.* Umaskini ulishuka kutoka asilimia 58 ya watu mwaka 1993 hadi 29 mwaka 2002, jambo ambalo nchi chache zimewahi kulifanya kwa haraka hiyo. Lakini nyanda za juu za kati, ambako kahawa iliifanya Vietnam kuwa ya pili duniani nyuma ya Brazil, makabila ya wenyeji yalisukumwa na wahamiaji kutoka tambarare, na bei ya kahawa ilipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 2000 wenyeji na wahamiaji wote walilia. Na chama ni kimoja. Mfanyakazi wa kiwandani hana chama huru cha kumtetea, na mwandishi akikosoa anaweza kufungwa. Anayeisifu Vietnam barazani na aliseme hilo pia.

*Inamfaa nani.* Nchi ya wakulima wengi yenye utawala unaofika hadi kijijini, unaoweza kupima, kuandika na kuheshimu ulichokiandika. Haimfai anayeamini kwamba sauti ya raia si kitu cha kuahirishwa.

Njia yetu: ruksa

*Bei.* Kijana aliyezaliwa juzi hawezi kupata picha ya miaka ile, kwa hiyo nitamwonyesha kitu kimoja. Foleni ya duka la ushirika haikuwa ya watu peke yao. Alfajiri utakuta mstari wa vikapu, matofali na ndala moja moja, kila kimoja kikimwakilisha mwenyewe aliyekwenda shambani au kumlaza mtoto. Mama yangu alikuwa na jiwe lake, jeupe, la matumbawe. Watu walilijua. Lori lilipofika, jiwe la mama lilisogezwa mbele na jirani kana kwamba ni yeye.

Sabuni na dawa ya meno zilipita kwa madau kutoka upande wa Vanga, Kenya, zikashushwa usiku. Mwaka 1983, katika msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, kuna waliotupa bidhaa baharini na vichakani kwa hofu. Na msako haukujaza maduka. Ndipo bajeti ya 1984 ikamruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa amezipata wapi. Mitumba ikarudi, khanga zikarudi. Novemba 1985 Ali Hassan Mwinyi akawa Rais, Agosti 1986 nchi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na watu wakampa jina la mapenzi, Mzee Ruksa.

Shilingi, iliyokuwa karibu 17 kwa dola mwanzoni mwa 1986, ilipita 50 mwisho wa mwaka huo, na ikaendelea kushuka. Mfumuko wa bei ulikaa karibu asilimia 30 kwa miaka mingi bila kufika vilele vya Poland na Vietnam, na ulishuka chini ya 10 mwaka 1999. Maumivu yetu yalikuwa ya homa isiyoshuka, mwaka baada ya mwaka.

*Ardhi.* Nitakuwa mfupi kwa sababu hatukufanya mengi, na hilo ndilo lenyewe la kusikitikia. Wafanyabiashara binafsi waliruhusiwa kununua nafaka, masoko ya mazao ya biashara yakafunguliwa miaka ya tisini, lakini sheria mpya za ardhi zilitungwa 1999, miaka kumi na tano baada ya kuanza kufungua. Zinampa mwanakijiji hatimiliki ya kimila. Kaya nyingi mpaka leo hazijaishika.

*Viwanda.* Azimio la Arusha la 1967 lilifuatwa na serikali kuchukua sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge, ikiongoza duniani; mwishoni mwa miaka ya tisini zilikuwa karibu 20,000. Haki isemwe: bei ya dunia ilianza kuanguka kabla ya Azimio, kamba za nailoni na plastiki zilipoingia sokoni, na hakuna mwenye shamba, wa umma wala binafsi, ambaye angelizuia hilo.

Mashirika ya umma yalikuwa kama 400. Azimio la Zanzibar la 1991 lililegeza masharti ya viongozi, mabenki binafsi yakaruhusiwa mwaka huo huo, na Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma ikaanza kuuza. Matokeo yanaonekana ukizunguka Tanga kwa baiskeli. Kiwanda cha saruji cha Pongwe, kilichoanza 1980, kilipata mnunuzi mwenye utaalamu wa saruji na moshi wake haukukatika. Baadaye hisa zake zikaingia Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara 1998. Cha mbolea, kilichotegemea malighafi zinazokuja kwa meli, kilizimwa kabla hata ya zamu ya kuuzwa kufika. Kati ya hivyo viwili kuna vingine vilivyonunuliwa na watu waliotaka eneo na vyuma chakavu, wasiotaka kiwanda.

Baba yangu alifanya kazi kwenye kimoja cha namna hiyo, nami sitakitaja. Alikwenda kazini asubuhi akakuta geti lina kufuli jipya na karatasi. Kiinua mgongo alikifuatilia miaka sita, na kilipotoka shilingi ilikuwa imeshakula nusu yake. Alinunua baiskeli tatu za kukodisha kwa saa, akaziweka chini ya mwembe, na kwa hizo nilimaliza shule. Kwa hiyo nikisema ruksa ilitufungulia riziki nasema kweli, kwa maana bila ruksa zile baiskeli zisingeruhusiwa. Na nikisema kiwanda kiliachiwa bila mshikaji, hilo pia nililiona nyumbani.

*Walioachwa.* Hatukuwa na *kuroniówka*. Aliyepunguzwa kazini alipokelewa na ukoo, na soko la Mgandini. Wakati ule ule uchangiaji uliingia hospitalini na ada zikarudi shuleni. Za msingi zilifutwa tena kuanzia 2002, baada ya nchi kupata msamaha wa madeni. Watoto waliotakiwa kusoma kati ya hapo sasa ni watu wazima, na wengi ndio wanaosukuma mikokoteni. Kwa upande mwingine nchi ilipita kote huko bila vita, na mwaka 1992 ikaruhusu vyama vingi. Jambo hilo halipimwi kwa tani, lakini waulize waliolikosa.

*Inamfaa nani.* Nchi ambayo serikali haina uwezo wa kutekeleza mpango mkubwa wa haraka wala wa taratibu, na ambayo amani yake ni ya kulindwa kuliko chochote. Inafungua milango na kuwaachia watu wajitafutie. Biashara ndogo hupona upesi. Viwanda vikubwa na kilimo hubaki nyuma.

Ukizitazama pamoja

Mabishano ya haraka na polepole hayatufikishi mbali. Poland ilikuwa na haraka kwenye bei na taratibu kwenye kuuza viwanda. Vietnam ilikuwa taratibu kwenye viwanda lakini 1989 bei zake nyingi ziliachwa huru kama za Poland. Sisi tulianza kufungua biashara mapema, 1984, tukachelewa kwenye ardhi na mashirika.

Kinachoonekana kila mahali ni mshikaji. Duka la Warsaw lilikuwa na muuzaji aliyelijua, shamba la Vietnam lilikuwa na kaya iliyolilima jana, Pongwe ilipata mtu wa saruji, na hivyo vyote viliishi. Mashamba ya serikali ya Poland, kambi za mkonge na kiwanda cha baba yangu viliachiwa hewani.

Kulingana na hali yako

*Kama ni mwanafunzi mwenye mdahalo,* usitetee nchi nzima. Chukua kigezo kimoja, useme kwa kigezo hicho nani alifanya vizuri na kwa sharti gani. Ukitetea Poland, jibu mapema hoja ya deni lililopunguzwa nusu. Ukitetea Vietnam, jibu hoja ya chama kimoja. Ukitetea ruksa, jibu hoja ya ardhi.

*Kama ni diwani au mjumbe wa serikali ya kijiji,* somo lililo karibu nawe ni la Vietnam. Mambo ya kitaifa huna uwezo nayo, ila una uwezo wa kusukuma upimaji wa mashamba na hati za kimila kabla mwekezaji hajafika. Akifika kwanza, mazungumzo yanaanza wewe ukiwa mikono mitupu.

*Kama ni mfanyakazi wa shirika linalotarajiwa kubinafsishwa,* soma ya Poland na ya Tanga pamoja. Uliza mnunuzi ana kazi hiyo mahali pengine? Malighafi zinatoka wapi? Mafao yanalipwa kabla ya kufuli kubadilishwa au baada? Chama chako cha wafanyakazi kidai majibu kwa maandishi.

*Kama ni mfanyabiashara mdogo,* ruksa ndiyo iliyokuzaa. Itetee dhidi ya vibali vinavyorudi kwa mlango wa nyuma.

*Na kwako, ndugu yangu wa Korogwe.* Nilikuja kuiona korona yenu. Niliona majani yakiingia kwa kelele upande mmoja, singa, yaani nyuzi za mkonge, zikitoka upande wa pili zikichuruzika maji ya kijani, akina mama wakizipokea na kuzianika kwenye nyaya juani, na robota nane tu zikiwa zimefungwa siku nzima kwa sababu mkanda ulikatika saa nne. Jani likishakatwa haliwezi kusubiri siku nyingi kabla ya kusindikwa. Ndiyo maana kila mtu kuchukua kipande chake, bila zaidi, hakuwafai: mpunga wa Vietnam unaweza kukobolewa na kaya moja, mkonge hauwezi, na asiye na korona hana zao. Kumpa mwekezaji yote hakuwafai kama hamna hati, maana akiondoka mtabaki kama wale wa kambini. Kuirudishia serikali yote mmeshawahi kuishi ndani yake.

Kinachowezekana ni kuvigawa vitu kwa mshikaji wake: ardhi iandikwe kwa majina ya kaya, korona iwe ya ushirika au ya mwekezaji kwa mkataba wa miaka inayohesabika, na bei ya singa ibandikwe ukutani kila wiki, mahali ambapo hata asiyehudhuria mkutano ataiona. Mkikaa Jumapili, anzeni na daftari la nani analima wapi. Mliniambia lina majina ya watu waliofariki. Hayo yasahihishwe kwanza, majina ya wajane na watoto yaingie, ndipo mzungumzie mwekezaji.